Nati Zilizoganda za Kamioneti ya Baba

Harufu ya petroli ya taa iliyochanganyika na kutu hunirudisha nyuma ya nyumba yetu mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye migomba ambamo Baba alikuwa ameificha kamioneti yake, gari dogo la mizigo. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Gari lolote lililoonekana barabarani lilichukuliwa na wenye bunduki, wawe wa upande huu au wa upande ule, kwa hiyo Baba aliondoa magurudumu, akaficha betri chini ya kitanda, kisha akalifunika gari kwa nyasi za kuezekea. Likakaa hivyo msimu mzima wa mvua. Kuku wetu walihamia ndani, na mimi ndiye niliyetumwa kuokota mayai kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na shule ilikuwa imefungwa. Kwangu gari lile lilikuwa nyumba ya kuku iliyonuka unyevu wa ziwa, mazutu, kama tulivyoiita dizeli, na manyoya.

Kisha mdogo wangu Riziki akashikwa na surua, na zahanati ya karibu ilikuwa imeporwa hadi vitanda. Watu waliotoka upande wa Swima walipita mbele ya nyumba yetu na magodoro vichwani, wakisema mapigano yanakuja nyuma yao. Baba akaamua tupande milimani hadi Fizi, ambako kulikuwa na muuguzi aliyesemekana bado ana dawa. Alimwita Baba Sifa, jirani yetu, ambaye amani ilipokuwepo walisafiri pamoja kila wiki, wakipeleka samaki Fizi na kurudi na mihogo. Watu wale wawili walikula sahani moja. Binti yake, Sifa, alikuwa rika langu, na tulisukana nywele. Ilikubaliwa kwamba familia zetu zote mbili zitapanda gari hilo moja. Walirudisha magurudumu na betri, injini ikawaka, ikakohoa, ikazima. Mazutu iliyokaa muda mrefu kwenye tangi ilikuwa imeingia maji na uchafu, na chujio lilikuwa limeziba.

Chujio jipya lilikuwapo. Mama alikuwa amelihifadhi ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga. Kazi ilikuwa kulitoa lile la zamani, maana nati zilizoshika mabomba yake zilikuwa zimeganda kwa kutu. Baba hakuwa mtu wa kulazimisha chuma. Alisema bomba la mazutu ni jembamba, na ukiikaba nati kwa hasira bomba linajisokota pamoja nayo na kukatika, na katikati ya vita utalipata wapi jingine. Jioni alizizungushia nati vitambaa vilivyoloweshwa petroli ya taa, akaviacha vilale nazo. Asubuhi aliomba maji ya moto. Maji yaliyokuwa jikoni yalikuwa ya uji wa Riziki. Mama aliyatazama, akamimina nusu kwenye birika, akampa.

Baba aliyamwaga polepole juu ya nati ya kwanza mpaka ikapata joto, kisha akaidondoshea petroli ili inyonywe ndani wakati chuma kinapoa. Akaigonga pande zote kwa nyundo ndogo, taratibu, kama mwanamke anayegonga kokwa za mawese bila kutaka kuponda kiini. Baada ya hapo zilihitajika spana mbili: moja ya kushika kichwa cha chujio kisizunguke, nyingine ya kugeuza nati. Baba Sifa ndiye aliyeshika ile ya kwanza, amelala kifudifudi juu ya injini, mkono wake ukigusana na wa Baba.

"Hii ekru imeoa," alisema Baba Sifa, akiitazama nati. "Haitaki kuacha bibi."

"Basi tuibembeleze. We shika tu muzuri. Ukiachilia, bomba inakatika, na sisi wote tunabaki hapa."

"Nitaachilia namna gani? Bibi yangu na batoto bangu banakwenda na hii gari."

Baba aliivuta nati kidogo kwa upande wa kukaza, ili kutu ivunjike, ndipo akairudisha kwa upande wa kufungua. Akakaza tena, akafungua tena. Hatimaye ikatoa mlio mwembamba, kama wa kifaranga, na ikalegea. Nati ya pili haikusumbua sana. Wanaume wote wawili walicheka, na Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni na Riziki mapajani, alicheka pia. Sikumbuki kama alicheka tena mwaka ule.

Walifunga chujio jipya, wakapampu mazutu mpaka hewa yote ikatoka kwenye mabomba, na injini ikanguruma bila kukohoa. Mama alisimama ili tupakie. Mizigo yetu ilikuwa tayari kwenye mkeka.

"Musipakie kwanza, mama Neema," Baba Sifa alisema. "Iende nyepesi, tusikie kama inavuta. Nafika darajani, narudi."

Hapakuwa na cha kushangaza katika maneno hayo. Madereva wa kwetu walikuwa na desturi kwamba aliyefungua chujio si yeye anayeendesha mara ya kwanza. Mwenzake huendesha, naye hubaki kando ya barabara akisikiliza, kwa sababu ukiwa ndani mtikisiko unakudanganya, lakini ukiwa nje utaisikia injini ikikosa pumzi. Baba alisimama barabarani, akainamisha kichwa na kufumba macho. Nilisimama karibu naye, nikafumba yangu.

"Unasikia, mama?" aliniambia, kwani jina langu, Neema, lilikuwa la mama yake. "Iko inavuta."

Tulisikia gari likishuka mpaka darajani, likavuka, likasimama ng'ambo. Baba akasema, "Anageuza." Tukasikia milango ikibamizwa. Kisha injini ikapanda tena, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sauti ikaendelea kupungua kuelekea milimani, laini, bila kukwama hata mara moja. Baba alikuwa bado amefumba macho. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Fungua macho, baba Neema," Mama alisema. "Ameenda."

Baba hakukubali. Alisema pengine kuna askari, pengine amezunguka njia nyingine. Tulikaa kando ya mizigo yetu mpaka jua likatuchoma utosini. Wapita njia waliotoka darajani ndio waliotueleza kwamba mke wa Baba Sifa na watoto wake walikuwa wamekaa pale tangu alfajiri na mizigo yao, wakisubiri.

Tulipanda kwa miguu. Baba alimbeba Riziki mgongoni. Riziki alifariki kabla hatujafika Fizi, na tulimzika pembeni ya shamba la muhogo la watu tusiowajua, ambao walituazima jembe na kutusaidia kuchimba. Kutoka hapo tulikwenda Lubondja, kwa ndugu za Mama. Watu huniuliza kama gari lingemwokoa. Sijui. Surua iliwaua hata waliokuwa kitandani na dawa. Ninachojua ni kwamba alikunywa nusu ya uji wake asubuhi ile, na nusu nyingine tuliipa nati.

Vita ilipopoa tulirudi Baraka. Baba Sifa naye akarudi, bila kamioneti, kwa kuwa askari walimnyang'anya huko mbele. Alikuja kwetu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Yaya, gari ilikuwa ndogo," alisema, akimwita Baba kaka mkubwa.

Baba akauliza, "Kwenye kilima, ilivuta?"

"Ilivuta."

Baba aliitikia kwa kichwa, akaniambia nimletee mgeni maji. Hakuwahi kumwita mgeni kabla ya siku ile.

Sifa anauza vitenge sokoni, ana watoto wakubwa, na tukikutana hunishika mikono yote miwili. Ninafurahi kwamba yu hai, na furaha hiyo huniuma. Baba aliendelea kutengeneza magari ya watu mpaka nguvu zikamwishia, lakini baada ya kufunga chujio aliingia mwenyewe na kushika usukani. Hakusimama tena barabarani kusikiliza. Tumemzika, na Mama alimtangulia.

Siku hizi kuna karakana karibu na nyumba yangu. Vijana wa pale hupuliza dawa ya kopo juu ya nati, wakisubiri wanacheza muziki, na kazi imekwisha. Lakini desturi bado wanayo: mmoja huendesha mpaka darajani, mwenzake husimama nje akisikiliza. Nikisikia gari linaondoka, ninaweka chini kisu na muhogo ninaomenya, ninakwenda mlangoni, na siwezi kuendelea na kazi mpaka lirudi. Nalo hurudi. Kila mara hurudi.