Vumbi la Mtani

Yasinta hakuisukumia mbao ile mashine ya kukata urembo wa fremu kabla ya kuidondoshea vumbi. Kila asubuhi, katika karakana ya Mzee Telesphory pale Soga, aliiwasha ikiwa tupu, akachota vumbi la mbao na kulidondosha juu ya kisu kinachozunguka. Likimrukia usoni, kisu kinazunguka kumjia, naye ataisukuma mbao kinyume nacho. Likimkimbia, basi kisu kitainyakua mbao pamoja na mkono ulioishika.

"Mashine ikikutemea usoni, shukuru," alizoea kusema. Mafundi wenzake walicheka. Mwanamke kukabidhiwa mashine ile kuliwakaa kooni, hasa Zahoro, aliyeitamani nafasi hiyo miaka minne.

Zahoro ni Mzaramo, Yasinta ni Mnyamwezi, kwa hiyo watani. Zahoro alimfichia viatu, akamtilia chumvi kwenye chai, na Yasinta akamlipa vivyo hivyo. Nani angekasirika? Utani hauna kesi.

Jumatatu moja Zahoro aliwahi kazini, akapishanisha nyaya mbili za umeme za mota. Mota ikawa inazunguka kinyume. Yasinta alipofika, mteja wa fremu za milango alikuwa kasimama anafoka. Yasinta aliiwasha mashine, akainama kuchota vumbi lake.

"Jamani, Mnyamwezi anaanza kupiga ramli!" Zahoro akapaza sauti. "Mteja atazeekea hapa!"

Karakana nzima ikaangua kicheko, na mteja naye. Yasinta akaona aibu, na aibu ni mshauri mbaya. Akaliacha vumbi, akasukuma mbao.

Ilinyakuliwa, na vidole vinne vya mkono wa kulia vikaenda nayo.

Yasinta aliporudi kutoka hospitali, Zahoro alikuwa ameshakiri, tena huku anacheka. Mzee Telesphory alimwita Yasinta pembeni.

"Mwanangu, huyu ni mtani wako. Mtani hashitakiwi."

Akampa ufagio. Mashine akapewa Zahoro, maana hakubaki mwingine anayeijua. Roho mbaya na bahati vikikaa nyumba moja, hilo ndilo linalouma zaidi.

Sasa kila asubuhi Zahoro huiwasha mashine, kisha akasimama mbali, mikono mfukoni.

"Mtani, njoo unidondoshee vumbi."

Yasinta huweka ufagio chini, akachota kwa mkono wa kushoto. Vumbi humrukia usoni.

"Ahsante," husema Zahoro, na kuchukua mbao.