Bi Harusi Aliyekaukiwa na Sauti

Tuseme ukweli hata kama utamuudhi: kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na kama wangekuwepo siku ile ukumbini wangemnyooshea kidole bi harusi. Mshereheshaji gani anasherehesha harusi yake mwenyewe? Lakini Kipaza, aliyepewa jina hilo na mtaa mzima kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti, aliwaangalia washereheshaji walioletwa na familia, akawaona wote wamepoa kama uji wa jana. "Harusi yangu naisimamia mwenyewe," akasema, na ukimjua Kipaza unajua kwamba mjadala uliishia hapo.

Akaisimamia kweli. Shela kichwani, viatu mkononi, alipanda jukwaani akatangaza, "Jamani, mpokeeni bi harusi!" kisha akakimbia mpaka mlangoni, akaingia kwa madaha, akajishangilia. Alikata keki huku akitangaza inavyokatwa. Aliwatania wajomba mmoja mmoja. Bwana harusi, mgeni mrefu na mpole ambaye kazi yake ni kuchora ramani na ambaye hata hivyo alipotea njia siku ya kuja kuposa, alimfuata nyuma akitabasamu kama mtu aliyeokota bahati barabarani. Shangazi mtu alikwisha kumbatiza jina: Ramani.

Jumapili asubuhi Kipaza akaamka, akafungua kinywa amsalimu mumewe. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, hewa tupu. Akacheka, na kicheko nacho hakikutoa sauti, mabega tu yakawa yanaruka. Ramani akamtazama, akacheka kwa niaba ya wote wawili. Wakashinda siku nzima hivyo, wakila keki iliyobaki na kuambiana mambo kwa vidole, wamelewa mapenzi chakari. Hakuna hata mmoja wao aliyeikumbuka Jumatatu.

Na Jumatatu ndiyo ilikuwa na kazi. Nchi ya Ramani ina ukarimu wa kupita kiasi: mwanamke aliyeolewa na mtu wao, akikanyaga tu kule anaandikwa raia wao, aombe asiombe. Nchi ya Kipaza, kwa upande wake, ina wivu. Ukiandikwa raia wa kwingine, uraia wa hapa unakutoka, isipokuwa kama kabla ya kuondoka umekwenda ofisi ya uhamiaji na cheti cha ndoa ukasema kwamba unabaki. Ukishasema hivyo, kule hawakuandiki tena, utaishi kama mke na mkaazi, na huku utaendelea kuwa mwenyeji. Ila ni lazima useme kwa kinywa chako, mbele ya afisa na mashahidi wawili wasio ndugu, nao wakusikie. Ndege ilikuwa jioni ile ile, na tiketi ni zile za bei rahisi zisizobadilishwa.

Mama yake, mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache na yote makali, alikwisha kumpa msimamo wake tangu siku ya posa. "Mkwe nimempenda," alisema. "Ila nisikilize. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa wewe ukirudi hapa umepigiwa muhuri wa siku za kukaa, nikupe jembe? Mimi niumwe, mimi nife, wewe uko dirishani unaomba ruhusa ya kuja kunizika? Mpaka nisikie kwamba umebaki, ndipo nitakwambia nenda. Bila hivyo sisemi." Kipaza alimkumbatia, akamwahidi, kisha akarudi kuwaza rangi ya viatu vya harusi. Kichwa cha mchumba huwa hakina nafasi ya mambo mawili.

Basi Jumatatu hiyo, baada ya tangawizi, asali, maji ya chumvi na dawa nyingine ya Shangazi ambayo ni afadhali isitajwe, wakaingia ofisini wanne: Kipaza, Ramani, Mama na Shangazi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki vimeungana kwa chuma, mmoja akiinuka wote wanatikisika. Feni kubwa inanguruma, mashine ya nakala inanguruma zaidi, watoto wanalia kwa zamu. Mbele kuna madirisha mawili, moja limeandikwa Raia, la pili Wageni. Kwenye dirisha la Raia alikaa afisa mmoja mwanamke, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Karibu. Una shida gani?"

Kipaza akafungua kinywa. Hewa.

"Anataka kubaki," Shangazi akadakia. "Andika hapo, anabaki. Tena anabaki sana."

"Wewe ndiye uliyeolewa?"

"Mimi? Nani atanioa na mdomo huu?"

"Basi kaa, mama. Aseme mwenye shughuli."

Ramani akasogea, akakohoa, akatoa Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Mheshimiwa afisa, mke wangu anapenda kubaki raia, na mimi ninapenda kile anachopenda yeye."

Afisa akamtazama kwa huruma. "Maneno matamu, baba. Lakini wewe ndiye mtu wa mwisho ninayeruhusiwa kumsikiliza. Zamani waume walikuja hapa kusema kwa niaba ya wake zao. Wanawake wengine walisemewa na baba zao. Wakaamka asubuhi si wa huku wala si wa kule. Ndiyo maana siku hizi tunataka kinywa cha mwenyewe."

Kipaza akaomba kalamu kwa vidole.

"Kuandika ni kwa asiyeweza kusema, naye anakuja na cheti cha daktari. Wewe unaweza." Afisa akavaa miwani, akamkazia macho. "Tena nakujua! Si wewe uliyesherehesha harusi ya mdogo wangu? Ulinitoa kitini ukanichezesha mbele ya bosi wangu, na viatu vinanibana. Leo ndiyo huna sauti?"

"Kaimalizia kwenye harusi yake," Shangazi akasema. "Kajisherehesha mwenyewe."

Afisa alijitahidi. Alijiuma mdomo, akatazama dari, akashindwa, akaangua kicheko mpaka machozi. Kipaza naye mabega yakaanza kuruka. Ramani akafuata, kisha watu wa kwenye foleni, ambao hawakujua wanachekea nini lakini hawakutaka kupitwa. Mama peke yake alikaa kimya, mkoba mapajani.

"Rudi kesho basi," afisa akasema akijifuta macho.

"Ndege ni jioni," Ramani akasema.

"Basi asipande," Mama akasema kutoka kitini, bila kupandisha sauti, na Ramani akawa kama mtu aliyemwagiwa maji.

Afisa akafikiri. "Sikilizeni. Sheria inataka isikike. Haikusema iwe sauti nzuri. Hata iwe ya panya, ilimradi mashahidi waisikie wakiwa pale kwenye mstari." Akaita mashahidi: mfagizi wa ofisi, na dereva wa lori aliyekuja kuchukua pasipoti. Wakasimama kwenye mstari wa njano ambao foleni haivuki.

Kipaza akavuta pumzi. "Na..." Feni ikaimeza.

"Sijasikia kitu," akasema mfagizi.

"Mimi nimesikia feni," akasema dereva.

Hapo Ramani, mtu mpole ambaye huomba radhi hata kwa mlango akiugonga, akapanda juu ya kiti. Alikuwa amemwona mkewe akifanya hivi harusini mara nyingi, akadhani ndivyo watu wanavyonyamazishwa. Akainua mkono akapaza sauti, "Ukumbiii!"

Nani katika mji ule hajahudhuria harusi iliyosimamiwa na Kipaza? "Eeeee!" ukumbi mzima ukaitika. Makofi yakalipuka. Mtu akapiga mluzi, kina mama wakapiga vigelegele, na mtoto aliyekuwa amelala akaamka akaongeza ya kwake. Ramani akabaki juu ya kiti, mwekundu kama nyanya, hajui ateremke wapi. Shangazi akasema hajawahi kumpenda mkwe kama alivyompenda dakika ile.

Kipaza akapanda kiti cha pembeni yake, huku akicheka bado, akaweka kidole mdomoni. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuwataka watu wapige kelele, na walimpa. Hakuwahi kuwaomba wanyamaze. Wakanyamaza. Mfagizi akazima feni. Karani akasimamisha mashine ya nakala.

Katika ukimya ule ikabaki sauti moja tu, kwenye dirisha la Wageni, ya mwanamke ambaye hakuwa ametambua kwamba wengine wamenyamaza. "Nimekuja kumuuguza baba," alikuwa anasema, kwa lafudhi ya hapa hapa, ya mtu aliyezaliwa mitaa ya jirani. "Bado hajapona na siku zangu zimekwisha. Nifanyeje?" Karani wa dirisha hilo akamjibu kwa upole kwamba mgeni ana taratibu zake.

Kicheko kikamwisha Kipaza, chote, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Aliogopa. Alimwona mama yake kwenye kiti cha plastiki, mdogo kuliko alivyomzoea, na akaelewa kwamba mama huyo hakuwa na kiburi, alikuwa na hofu. Akafungua kinywa. Koo likamuuma kama linakwanguliwa.

"Nabaki," akasema, na sauti ilikuwa ya bawaba iliyokosa mafuta. "Nabaki raia wa nchi yangu. Kwa hiari yangu."

"Nimesikia," akasema mfagizi.

"Nimesikia mpaka mwili umenisisimka," akasema dereva.

Muhuri ukapigwa, na ukumbi ukalipuka kuliko harusini. Ramani akambeba mkewe juu kwa juu, nusura waanguke na safu nzima ya viti. Afisa alisahau cheo, akatoka nyuma ya dirisha akacheza, na leo viatu havikumbana. Yule mwanamke wa dirisha la Wageni ndiye aliyepiga makofi muda mrefu kuliko wote.

Kelele zilipotulia, Mama akasema kutoka kitini, "Mimi sijasikia."

"Mama, mashahidi wamesikia," afisa akamwambia akihema. "Kisheria inatosha."

"Sheria ni yenu. Mimi sijasikia."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Ni mtu wa kusikia sindano ikianguka chumba cha pili. Kipaza akajitoa mikononi mwa mumewe, akapiga magoti sakafuni mbele ya kiti, akaweka mdomo kwenye sikio la mama yake, akatoa sauti ile iliyobaki.

"Nabaki, mama."

Mama akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama.

"Haya," akasema. "Sasa nenda, mwanangu."