Neno Nililomtupia Cathy kwa Ajili ya Kuku

Hortense, dada wa marehemu mume wangu, aliniita mulozi, yaani mchawi, mbele ya shirika letu lote la sala hapa Ruashi, siku ya tatu ya matanga. Alisema nimemla kaka yake. Alphonse aliuawa na ugonjwa wa sukari, nami ndiye niliyemwosha na kumlisha mpaka mwisho, lakini hakuna aliyesimama kunitetea. Miaka sita sasa wanawake wa shirika hunisalimu kwa ncha za vidole. Kwa hiyo sikuwa mgeni wa neno lile nilipolitoa kinywani mwangu.

Mimi nauza makaa ya kupikia hapo uani. Kila mfuko unafika umeshonwa mdomo kwa nyuzi za nailoni za buluu. Nazikata vipande vipande kwa kisu, namwaga makaa, naendelea na mteja. Kuku wangu mmoja, mweusi mwenye shingo tupu, ndiye aliyebaki baada ya kideri kumaliza wenzake. Makombo ya bukari, ugali wetu, nilimtupia palepale, kati ya mifuko.

Mwezi wa nne akaanza kujikunyata. Manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba, mavi machache ya kijani. Nilimnywesha maji ya pilipili, nikamfungulia kidonge cha tetra, dawa ya vijidudu, kama tunavyofanya sote. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Hapo nikakumbuka kwamba Cathy, mke kijana wa Kikasai aliyepanga chumba changu cha nyuma na mumewe Sylvain, alikuwa amemtupia wali.

Ilikuwa Alhamisi, shirika limekuja kusali kwangu, rozari mikononi. Cathy akapita na ndoo.

"Weye, ulipatia kuku yangu nini?"

"Mama, ni muchele tu. Ilibakia kwa sahani ya Sylvain."

"Muchele! Na ulitiamo nini? Uko mulozi, weye!"

Vichwa vyote vikamgeukia, vilevile vilivyonigeukia mimi siku ya matanga. Cathy akatua ndoo, akaitazama miguu yake. Mama mmoja akanisogezea kiti katikati yao, mara ya kwanza kwa miaka sita. Nikakaa. Nilisikia utamu, sitaficha.

Kesho yake asubuhi akaja Godefroid, mzee anayetibu nguruwe na kuku mtaani. Akamweka kuku mapajani, akampapasa chini ya shingo.

"Mama, hii kuku yako ilimeza ballon?"

"Usicheke, papa. Haikule kintu tangu juzi."

"Sasa hii gole imejaa nini? Kuku yenye haikule, asubuhi gole yake inakuwaka mutupu."

Akanishika mkono, akanigusisha. Kile kifuko cha chakula kilikuwa kigumu kama ngumi ya mtoto. Akamfungua mdomo, harufu ya pombe iliyochacha ikatoka. Tukamtia mafuta, tukamkanda taratibu kwa muda mrefu. Hakuna kilichoshuka. Godefroid akaniambia nichemshe wembe, sindano na uzi.

Mimi nilishika mabawa. Alinyonyoa manyoya machache, akakata ngozi, kisha gole, akavuta donge. Lilikuwa bukari iliyooza, na ndani yake nyuzi za buluu, zimekatwa kwa kisu.

Alizitazama, akaitazama mifuko yangu. Habari ya jana alikuwa ameisikia.

"Ndjo ule mulozi yako, mama. Iko na kisu ku mukono."

Alishona gole kwanza, kisha ngozi. Nilimlaza kuku ndani ya katoni jikoni, nikamlisha uji mwepesi kwa kijiko, kidogo kidogo, na kidonda nikakiosha kwa maji ya chumvi. Uani niliokota uzi mmoja mmoja, nimepiga magoti.

Siku ya pili Cathy alinikuta nimebeba katoni. Alisimama mlangoni pake, hakusogea.

"Mama, iko bien sasa?"

Ningeweza kumwambia. Nilisema tu, "Iko bien," nikaingia ndani.

Mwisho wa juma Sylvain alipakia godoro na masufuria kwenye mkokoteni, wakahamia mtaa wa Hewa Bora. Wanawake wa shirika wakanipongeza kwa kusafisha uwanja wangu. Kuku amepona, anataga.

Hortense bado anadaiwa: arudi pale alipolitoa neno lake, alifute mbele ya walewale walioshuhudia. Sijaacha kumdai. Lakini Cathy naye ananidai hilohilo. Nisimame siku ya Alhamisi, niseme nyuzi zilikuwa za nani, kisha nimfuate Hewa Bora. Alhamisi tatu zimepita. Bado naogopa kuondolewa kile kiti, na deni ni langu, mimi Laurentine.