Hapana ya Bibi

Kila ninaposaga msiro wa kupaka usoni, harufu ya kijiti kilicholowa hunirudisha uani kwa bibi, mjini Palma, siku mgeni wa Kizungu alipolitaka jiwe lake la kusagia. Kwetu, mgeni haambiwi hapana. Anaambiwa "tutaona", naye mwenye akili anaelewa. Yule hakuelewa. Aliwahi kuambiwa "tutaona" kuhusu mbuzi ya kukunia nazi, akarudi kesho yake akaibeba.

Bibi aliniita pembeni. "Mjukuu wangu, Waingereza wanakataaje kwa adabu?"

Nikampa neno la shuleni: "I'm afraid not."

"Maana yake?"

"Ni kama kusema unaogopa, bibi."

"Niogope nini? Jiwe la mama yangu hili."

Akajifuta mikono kwenye kapulana, kanga aliyojifunga kiunoni, akasimama mbele ya mgeni, uso mweupe pe kwa msiro, akatamka polepole: "I'm not afraid. No."

Mgeni akaduwaa, kisha akacheka, akainamisha kichwa na kuaga. Bibi akaketi, akaendelea kusaga huku akilirudia neno lake kama wimbo.

Jiwe lenyewe ni hili ninalosagia.