Rosalba Hapandi Mole

Rosalba Quarta alikuwa na saluni ndogo mtaa wa San Salvario, Torino, kaskazini mwa Italia, na nusu ya wajane wa mtaa ule walikuwa wamepita mikononi mwake. Nani kaachwa, nani kaoa tena kimyakimya, yote aliyajua, na yote aliyamwaga kwa raha zake. La kwake tu ndilo alilolifungia. Kwa miaka sita, kila Jumatatu saluni ikifungwa, Rosalba mwenye miaka sitini na moja alikuwa akienda chuo kikuu kusomea historia.

Hakumwambia mtu, na sababu anayo. Aliacha shule bado binti mdogo akaenda kufagia nywele za watu, na kwao Lecce, kusini kabisa mwa nchi, shangazi Concetta akaeneza mzaha kwamba kichwa cha Rosalba ni cha kuchania, si cha kusomea. Ukoo mzima ulicheka, na ukaendelea kucheka kila Krismasi. Mzaha ule ulikuwa bado unamuuma. Basi alipomaliza sekondari kwa masomo ya jioni na kuingia chuo, akaapa: watasikia siku atakayovikwa taji la majani la wahitimu. Akifeli, asijue mtu. Na utetezi wa tasnifu ulikuwa mwezi wa saba.

Mwezi wa sita akapiga simu Titina, binti wa Concetta, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana padri wa Lecce analo.

"Nakuja siku tatu," Titina akatangaza. "Siku ya kwanza, mnara wa Mole. Nataka ile lifti ya vioo. Nguo ya kupandia nimeshanunua."

"Lifti ile inakwama katikati, dada. Watu wananing'inia kama soseji."

"Nikining'inia utanipiga picha."

Kuna mwiko mjini. Mwanafunzi wa Torino hapandi mnara wa Mole kabla ya kuhitimu. Akipanda, shahada ndiyo basi tena. Rosalba, ambaye paka mweusi akimpitia mbele humsalimia bila woga, kwa mwiko huu alisalimu amri: tangu ajiandikishe chuo alikuwa akivuka barabara asije akakanyaga hata kivuli cha mnara ule.

Wakaanza kuvutana. Rosalba akausogeza Mole siku ya pili, Titina akaurudisha. Rosalba akajaza ratiba: makumbusho ya Misri, soko la Porta Palazzo, bicerin, kile kinywaji cha kahawa na chokoleti, divai ya vermuti ya jioni, maduka ya viatu chini ya matao ya Via Po. Titina alikubali vyote na kuuliza, "Halafu Mole saa ngapi?"

Alipofika, kavaa hariri ya rangi ya chungwa ya kuonekana toka Ufaransa, Rosalba alimzungusha mpaka visigino vikalia. Alimlisha agnolotti, tambi zilizojazwa nyama, mpaka akalegea. Ikafika siku ya tatu, mikahawa imekwisha, visingizio vimekwisha, na Titina amejipanga foleni mwenyewe akanunua tiketi mbili.

"Magoti," Rosalba akasema mlangoni.

"Magoti gani? Jana umenikimbiza maduka kumi na moja!"

"Basi kizunguzungu."

"Wewe? Uliyekuwa unapanda paa la bibi kuiba tini zilizoanikwa?"

Mama aliyekuwa akikagua tiketi akacheka. "Usimlazimishe, bibi. Hapa wanaogoma ni wa aina mbili tu: wenye kizunguzungu, na wanafunzi ambao hawajahitimu. Hao wa pili hata uwavute kwa kamba."

Titina naye akacheka, akageuka kumtania binamu yake, akaukuta uso wa Rosalba umeiva kama nyanya. Akamsogelea.

"Rosalba. Unasoma?"

"Natetea tasnifu mwezi wa saba. Haya, mpigie mama yako, umalizie na padri. Najua mdomo unakuwasha."

Titina hakuigusa simu, jambo ambalo hakuna aliyepata kulishuhudia. Nyuma yao foleni ikaanza kunung'unika. Alimtazama yule mdogo wake, mikono imebabuka kwa dawa za nywele, macho yamejaa hofu, akaona aibu kwa Krismasi zote alizocheka na wenzake. Akazichukua tiketi zote mbili, akawapa wazee wawili waliokuwa nyuma yao.

"Twende tukale aiskrimu," akasema.

"Na wewe? Umesafiri toka Lecce kwa ajili ya lifti hii!"

"Nguo yangu umeshaiona, inatosha. Twende."

Walikuwa bado hawajamaliza aiskrimu zao kando ya barabara, kwenye benchi, simu ya Titina ilipolia. Sauti ya shangazi Concetta, mwenye miaka themanini na mapafu ya tarumbeta, ilisikika mpaka ng'ambo.

"Mmepanda huo mnara? Kuna nini huko juu? Sema yote!"

Rosalba aliacha kulamba. Aiskrimu ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Tumekuta pamefungwa, mama," Titina akasema, bila hata kupepesa jicho. "Wanakarabati."

"Safari yote hiyo! Watafungua lini?"

Titina akamshika Rosalba mkono ule ule unaonata.

"Mwezi wa saba," akasema. "Nawe tafuta gauni zuri, mama. Tunakuja kukuchukua."