Jina la Mtoto wa Kwanza

Kila nikitoka Beni kwenda Butembo kumwona mama, kabla hata sijapewa chakula, napewa simu yake. Mama anauza vitenge katika soko la Bulengera, na siku hizi wateja wa mbali huchagua rangi kwenye picha anazoweka katika ukurasa wake wa mtandaoni. Ukurasa huo huufunga kila jioni kama anavyofunga duka, na asubuhi huufungua upya kwa kuandika neno lake la siri. Simu anaiweza kuliko mimi. Ila ikimletea maandishi mekundu ya Kifaransa, huifunika kwa kitambaa akanisubiri.

Jumapili hiyo, tumetoka misa, alinikabidhi sijavua hata koti, akiniita Papa kama mama zetu wanavyowaita wana wao.

"Papa, ona hii simu. Iko nanitukana tangu juzi."

Haikuwa ikimtukana. Ilikuwa inaonya kwamba neno lake la siri limekutwa mikononi mwa wezi wa mtandao, alibadilishe upesi. Alielewa mara moja, maana jirani yake wa sokoni aliibiwa ukurasa hivyo hivyo, mwizi akajifanya yeye na kuwalipisha wateja mzigo usiokuwapo. Mpaka leo mama yule akipita, watu wananong'ona. Na mama yangu haogopi kitu duniani kama kuitwa mwizi na watu aliowapata kwa jasho.

Nikamwomba anitajie neno lenyewe. Akalitaja kwa sauti ndogo, nami nikacheka hadi nikashika mbavu.

Lilikuwa jina la mtoto wa kwanza wa kiume. Kwetu Wanande majina hufuata zamu ya kuzaliwa: wa kwanza ana lake, wa pili lake, na karibu kila nyumba ina mwenye jina hilo. Liite katikati ya soko, uone wanaume watakaogeuka.

"Mama, heri ungeacha mulango wazi!" nikamtania. "Hii jina batu bote ya Butembo banaijua!"

Hakucheka.

"Batu bote beko na wa kwanza yao. Uyu ni wangu."

Kicheko kikanikauka. Mimi nina jina la wa pili, lakini wa kwanza sikumwona. Alifariki kabla sijazaliwa, miguu yake haijakomaa kutembea, akaenda na zamu yake. Kwetu mdogo hairithi. Picha yake hatuna. Baba hakuweza kuvumilia kumsikia akitajwa, basi nyumbani hakutajwa.

"Kila asubuhi minaandika jina yake," mama alisema. "Njo kumuita kwangu. Ukiitosha mu simu, nitamuita wapi?"

Nilimpenda sana saa ile, nikatamani kuiacha simu kama ilivyo. Lakini wezi hawana huruma ya mama. Nikamwambia taratibu kwamba jina ni la wengi, ndiyo maana limepatikana. Aandike kitu cha mtoto yule peke yake, kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua, na mimi asiniambie.

Aliipokea simu, akaiweka mapajani. Kisha akatabasamu.

"Geuka. Angalia ukuta."

Nikageuka. Nilisikia kidole chake kikigonga kioo, mwanzo kwa kusita, halafu kikapata mwendo. Lilikuwa neno refu. Katikati akacheka peke yake, kama mtu aliyekumbuka utundu wa mtoto.

"Njo hii," akasema. "Ata baba yako hakuijuaka."

Nilipoichukua simu, onyo lilikuwa limeondoka. Nikabaki nimeishika, nikimwonea wivu huyo mwenye siri na mama nisiyoijua mimi. Maisha yangu yote nimeitwa wa pili. Siku hiyo ndipo nilipopata kaka.