Alama Alizosoma Mke Wangu

Upinde niliununua Busia, upande wa Kenya, kwenye rundo la mitumba, chini ya viatu vya mpira na mabegi ya shule. Muuzaji mwenyewe hakujua anauza nini. Mimi nilikuwa dereva wa trela niliyevunjika mkono na mguu kwenye ajali, na yule mama wa mazoezi ya viungo hospitalini kwetu Tororo, Uganda, alikuwa ameniambia nitafute kitu cha kuvuta kila siku, kisha niandike jinsi mkono unavyoendelea. Alinipa kamba ya mpira niifunge dirishani. Nikaona kujivutavuta pale kama mbuzi kambani ni upuuzi. Nikachagua kulenga shabaha.

Daftari lilikuwa la shule, la mistari. Nilichora safu nne: tarehe, upepo, mishale, alama. Shabaha yenyewe ni gunia lililojazwa matambara, limeegemea kichuguu nyuma ya nyumba, na juu yake karatasi ya kalenda ya zamani yenye miduara ya makaa. Mishale sita, na kila unaoingia katikati ni alama kumi, kisha kila mduara kwenda nje unapunguza moja. Kutoka niliposimama ni hatua thelathini, na kwa umbali huo macho hayatofautishi saba na tisa. Kwa sababu ya mguu wangu, mke wangu ndiye aliyekwenda kuchomoa. Anasoma, anapaza sauti, mimi naandika. Karatasi anawashia jiko.

Nilikuwa nimeapa mbele yake: nikifikisha hamsini siku tatu mfululizo, nampigia bosi simu, narudi barabarani. Bosi alikuwa bado ananiwekea trela yangu.

"Arobaini na tatu, Baba Watoto," anasema mke wangu. Kesho yake, "Arobaini na saba. Leo kuna upepo."

Mara moja alisoma hamsini na moja, nikashangilia kama mtoto. Siku iliyofuata, thelathini na tisa. Niliutupa upinde kwenye migomba, nikamnunia hata yeye aliyeniletea habari. Miezi ikapita hivyo. Bosi alipopiga kuuliza, nilifungua daftari, nikapitisha kidole kwenye safu ya mwisho kutoka juu hadi chini, nikamwambia ampe mtu mwingine, mkono umekataa. Akampa.

Wiki mbili baadaye mke wangu akaenda Majanji kumzika shangazi yake. Jioni nikapiga mishale yangu sita, nikakumbuka hakuna wa kuchomoa, nikaenda mwenyewe. Minne ilikuwa katikati, imebanana. Miwili iko kwenye mduara unaofuata. Hamsini na nane. Nikacheka peke yangu, nikasema ni bahati tu, nikarudi nikapiga tena. Hamsini na sita. Siku ya pili, hamsini na saba. Siku ya tatu zikapita hamsini tena, nikakaa chini pale kwenye kichuguu, mishale mkononi. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu Tororo anajua, lakini siku hiyo mshtuko ulizitangulia. Nilikuwa mzima. Nilikuwa mzima na sina kazi.

Aliporudi, hata mzigo hajautua, nikamwekea daftari mbele. Nyumbani tunasema Kiswahili, kwa kuwa yeye ni Msamia wa Kenya na mimi ni Mjopadhola wa Mulanda, hapa hapa Tororo, na hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake.

"Mama Watoto, hii namba nani alitunga?"

Aliitazama, akavuta kiti, akakaa. "Ni mimi."

"Mkono yangu ilipona lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Ulikuwa unapita hamsini karibu kila siku." Kisha akasema, "Kule hospitali, siku ya ajali, nilikutambua kwa viatu. Uso ulikuwa umevimba hautambuliki. Sitaki kutambua viatu tena."

Nilimwambia maneno mengi ambayo siyaandiki hapa. Kwamba amekula kazi yangu. Kwamba amenifanya kilema kwa kalamu yangu mwenyewe. Alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na wewe mbona hukuwahi kwenda kuangalia?" akauliza. "Mguu ulipona kabla ya mkono. Sokoni ulikuwa unaenda kwa miguu na kurudi."

Nililifunga daftari. Nilichokumbuka ni ile siku niliyomkatalia bosi. Nilikata simu, nikashusha pumzi, nikaomba chai, nikanywa vikombe viwili kwa utamu ambao sikuwa nimeusikia tangu ajali. Nilikuwa naogopa barabara, na nilikuwa naogopa muda wote huo, na mwenye kuliona hilo wa kwanza hakuwa mimi.

Siku hizi kila mmoja wetu anachomoa kwa zamu, na alama zinasomwa kama zilivyo. Zinapita hamsini. Bosi ana trela nyingine na anatafuta dereva. Namba yake ninayo. Sijampigia.